Damu ya Shemeji

Niliwaacha mlangoni wiki iliyopita, na mlango wenyewe ulikuwa unavunjwa. Poleni kwa kusubiri. Lakini nyinyi mlisubiri mmekaa, mimi nilisubiri nikiwa upande wa ndani.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni kocha wa ngumi. Enzi za ulingoni waliniita Ukuta. Si kwamba nilipiga sana. Nilipigwa sana, ila sikuanguka. Mke wangu ni fundi cherehani, na ana saratani ya titi. Upasuaji ameshafanyiwa, titi la kulia limekwenda, nywele zimekwenda, na sasa tuko kwenye dripu za dawa, ile nyekundu ambayo ikishaingia mwilini hata maji yanakuwa adui.

Ugonjwa wenyewe tuliupa jina. Tunauita Mpangaji. Kaingia bila hodi, kodi halipi, na ukimwambia ahame anahamia chumba cha pili.

Baada ya dripu ya pili mke wangu aligeukia ukutani akasema basi. "Mwache akae. Nimechoka kumfukuza."

Nilijaribu kila kitu. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikanuna, nikaenda bafuni nikafungulia bomba ili asinisikie nalia. Hakugeuka. Mwishowe nikafanya kitu pekee ninachokijua duniani. Nilileta pedi kutoka ukumbini, zile za ngozi anazovaa kocha mikononi ili bondia apige yeye apokee. Nikazivaa, nikasimama mbele ya kitanda.

"Mpangaji huyu hapa," nikamwambia. "Mtoe."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Halafu akakaa. Halafu akapiga.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Asubuhi ya hospitali, kabla hatujatoka, mke wangu ananipiga. Mkono wa kulia hauna kazi, upasuaji uliondoka na nguvu zake, hata kifungo haufungi. Anapiga kwa kushoto. Konde lake la kushoto kalipa jina mwenyewe: Mwisho wa Maneno. Na mniamini, akishalitoa hilo mara kadhaa, anavaa viatu mwenyewe na kuniuliza mbona nachelewa.

Sasa sikilizeni nilipokosea. Chumba chetu na cha jirani yetu Mama Mapacha vinatenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba akikohoa sisi tunamwambia pole. Ya chumbani kwetu Mama Mapacha hayaoni, anayasikia tu. Na anasikia nini? Anasikia vishindo. Anasikia mwanamke analia. Anasikia dume linanguruma: "Simama! Nani kakuambia ukae? Sijamaliza na wewe!"

Ndivyo makocha tunavyoongea. Bondia ukimsemesha kwa upole analala. Lakini hilo nani alimwambia Mama Mapacha? Mimi sikumwambia. Nilidhani mambo ya chumbani kwangu ni ya chumbani kwangu.

Asubuhi hiyo hatukuwa tunakwenda kwenye dripu. Tulikuwa tunakwenda kutafuta damu. Sista wa wodi alishatuambia wazi: damu ya mke wangu imeshuka mno, dripu haiingii mpaka aongezwe. Na kundi lake ni la nadra, hospitali hawana hata mfuko mmoja. Katika ukoo mzima anayelingana naye ni kaka yake mkubwa. Huyo ni fundi mwashi, kifua kama kabati, na mtaa mzima unamwita Zege. Siku ya upasuaji yeye ndiye aliyemtolea, na akasema hata ndoo wakitaka atajaza. Tulikuwa tumeahidiana kukutana hospitali.

Nikamwambia mke wangu leo hatupigi.

"Usiponishikia pedi, siendi."

"Huna damu, mke wangu."

"Hasira ninayo."

Basi akapiga akiwa amekaa kitandani. Ngumi zilikuwa nyepesi, mtoto angezidaka. Ila sauti ilikuwa ileile. "Toka! Leo utaniua au nitakuua!" Na mimi, mjinga wa kazi yangu, nikamwitikia kwa sauti kubwa zaidi ili asichoke: "Nguvu yenyewe ndiyo hiyo? Inuka! Sijamaliza na wewe!"

Hapo ndipo mlango ulipopigwa, na hapo ndipo gazeti lilipoishiwa nafasi.

"Fungua, muuaji!"

Niliitambua sauti. Mtanicheka, lakini nilifurahi. Nikajua kaka mtu amekuja kutuchukua ili tusihangaike na usafiri. Hilo la muuaji nikalichukulia utani wa mashemeji.

"Nakuja, shemeji!"

Hakuningoja. Bawaba ziling'oka, mlango ukaingia mzima mzima, na juu yake akaingia Zege. Nyuma yake mdogo wake, dereva wa teksi. Nyuma yao Mama Mapacha kashika mwiko.

Hebu tuoneni kama walivyotuona wao. Mwanamke mgonjwa, kipara, kakaa kitandani, machozi yanamtiririka, anahema, mkono wa kushoto una mabaka meusi kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mbele yake nimesimama mimi, jasho linanitoka, mikononi nimevaa magozi mazito.

"Mnaona?" Mama Mapacha akapaza sauti. "Niliwaambia! Kila mara wakitaka kwenda hospitali lazima ampige kwanza! Mgonjwa wa watu!"

Zege aliziangalia pedi.

"Anavaa ngozi," akasema polepole, "ili asiache alama."

"Shemeji, subiri nikueleze."

"Kaka," mke wangu akasema akitafuta pumzi, "ananishikia tu. Mimi ndiye... mimi ndiye ninayepiga."

"Umemsikia?" Zege akamwambia mdogo wake. "Anamtetea. Wote huwa wanawatetea."

Akanijia.

Ngumi yake ya kwanza ilikuwa ya fundi mwashi, inatoka mbali na unaiona ikija. Ningeweza kuikwepa, nikamrudishia moja ya mbavu, akalala. Miaka yangu yote ya kazi ni kwa ajili ya ngumi kama hiyo. Lakini nilimtazama usoni nikakumbuka jambo moja. Ndani ya huyu mtu kuna damu ya mke wangu. Kila tone analotembea nalo lina mwenyewe, na mwenyewe kakaa kitandani nyuma yangu. Nikimpasua, nimempasua yeye.

Kwa hiyo sikupiga. Nikainua pedi nikapokea.

Paa! Akatupa ya pili, nikapokea. Ya tatu, nikapokea. Na hapo, ndugu zangu, mdomo wa kocha ukanitoka wenyewe kabla akili haijauzuia.

"Kiwiko chini."

Zege alisimama.

"Unasemaje?"

"Samahani, shemeji. Mazoea."

Sikuwahi kuona mtu akigeuka rangi namna ile. Alidhani namdhihaki. Alinirukia kama anabomoa ukuta, ngumi, viwiko, kichwa, na mimi narudi nyuma nikipokea na kuomba, "Shemeji, utaumia mkono, shemeji, tunachelewa hospitali." Mama Mapacha akanipata na mwiko kisogoni. Mwiko ulivunjika, kisogo hakikuvunjika. Nikageuka kumtazama, na nilipogeuka yule dereva akaniteremshia stuli ya cherehani mgongoni.

Nilipiga magoti. Pedi moja ikachomoka ikasota chini ya kitanda. Teke la Zege likanikuta ubavuni nikasikia kitu ndani kikilia, kama mtu kavunja kijiti. Nikameza. Waliniita Ukuta, nikajiambia, leo ndiyo siku ya kuwa ukuta. Wapige mpaka wachoke, halafu twende wote tukatoe damu.

"Inuka!" Zege akanguruma. "Nani kakuambia upige magoti? Sijamaliza na wewe!"

Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yananirudia. Nikamsikia mke wangu akiyatambua. Nikamsikia anasimama.

"Kaka, mwache!"

"Kaa chini, dada!" yule dereva akamwambia.

Hakukaa. Alipita kati yetu kwa miguu isiyo na damu, akamshika Zege mkono wa nyuma, ule aliokuwa ameuvuta ili anipige. Zege hakumwona. Niseme ukweli, hata leo nasema, hakumwona. Alipouvuta ule mkono auachie ngumi, kiwiko kikarudi nyuma kikamkuta dada yake kifuani, upande ule wa kulia, upande wa mshono.

Mke wangu hakupiga kelele. Alitoa kijisauti kidogo tu, akaenda chini, na kichwa kikagonga mguu wa chuma wa cherehani.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu kwamba mkono wangu wa kushoto haukuwa na pedi.

Nilipompiga Zege niliyasikia mambo mawili, pua yake na nafsi yangu. Alikwenda kinyumenyume, akapita pale palipokuwa na mlango, akaangukia barazani chali. Na damu ikatoka. Haikutoka kwa kudondoka, ilitoka kwa kumwagika, ikajaza masharubu, ikashuka shingoni, ikatambaa kwenye saruji ikitafuta mfereji.

Nilisimama nikiitazama. Majirani waliokuwa wamekusanyika walidhani namtazama mtu niliyempiga. Mimi nilikuwa naitazama damu ya mke wangu ikielekea mferejini.

"Muueni sasa!" Mama Mapacha akalia, lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu dereva alikuwa amepiga magoti kwa dada yake na sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto.

"Hafungui macho. Kaka, dada hafungui macho."

Nilimbeba. Mbavu zilinizomea kila hatua, nikazinyamazia. Tuliingia kwenye teksi wote wanne. Dereva mbele, Zege kando yake, na mimi nyuma nimempakata mke wangu, kitambaa chake cha kichwa nikiwa nimekitia mfukoni mwa suruali.

Zege alikuwa kainua kichwa juu kama jogoo anayekunywa maji.

"Inamisha mbele, shemeji," nikasema. "Bana hapo kwenye nyama laini, chini ya mfupa."

"Usiniguse."

"Usiimeze, itakutapisha. Na usiimwage. Tafadhali, shemeji, usiimwage."

"Mdogo wangu," akasema Zege kwa sauti ya pua, "simamisha gari nimuue huyu kwanza."

"Muue tukifika," dereva akajibu, macho barabarani, machozi yanamtoka. "Hapa mtanichafulia viti."

Zege aliinamisha kichwa mbele. Akabana pale nilipomwambia. Nilimpenda kwa ajili ya damu yake na kumchukia kwa ajili ya kiwiko chake, na vyote viwili vilikaa kifuani mwangu bila kusogezana.

Hospitali, sista alimpokea mke wangu, akamlaza kitanda cha mwisho, akavuta pazia. Akamtafuta mshipa. Wa kulia haruhusiwi kuchomwa tangu upasuaji, na wa kushoto mishipa imechoka na dawa, mingine imekauka kabisa. Alichoma, ukakataa. Akachoma, ukakataa. Mwishowe akaupata mmoja mgongoni mwa kiganja, akaweka dripu ya maji, akaibandika kwa plasta.

Akatoka nje ya pazia akatutazama watatu. Mmoja mdomo umepasuka na kashika ubavu. Mmoja pua imekuwa biringanya. Mmoja anatetemeka.

"Mgonjwa wangu ni yupi?" akauliza.

"Sista, yukoje?" nikauliza.

"Kichwa hakijapasuka. Ila damu iko chini kuliko jana. Aongezwe leo. Si kesho, leo." Akamgeukia Zege. "Wewe si ndiye kaka? Si ndiye tunayekusubiri?"

"Ndiye mimi."

"Na hiyo pua?"

Zege akaninyooshea kidole. Sista akafumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu kabla ya kutukana.

"Presha ikitulia na pua ikikauka, daktari akikubali, utatoa. Mwili unao, shukuru Mungu."

"Kabla sijatoa," Zege akasema, "nijibu kitu kimoja mbele ya huyu. Yale mabaka ya mkononi kwa dada yangu yametoka wapi?"

Moyo wangu ukatua. Nikajua sista atanisafisha.

"Yale ni ya kwetu," sista akasema. "Sindano na dawa. Mishipa inaungua, ngozi inageuka nyeusi."

"Umesikia?" nikamwambia Zege.

"Lakini," sista akaendelea, na laiti angeishia pale, "vile vifundo vya vidole vimevimba. Vimevilia damu. Hivyo sivijui mimi."

Zege akanigeukia.

"Hivyo ni vya kunipiga mimi," nikasema.

"Kukupiga wewe," Zege akarudia.

"Ndiyo. Ananipiga. Kila asubuhi ya hospitali. Mimi namshikia pedi."

Mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuna aliyemuuliza, alicheka. Zege hakucheka. Alinitazama kuanzia shingo mpaka mabega, akatazama na mikono yangu, kisha akatazama pazia ambalo nyuma yake kulikuwa na mtu mwepesi kuliko mfuko wa saruji. Ukweli wangu ulikuwa unanuka uongo. Hata mimi nilikuwa naisikia harufu.

"Mimi nilisema mazoezi mepesi," sista akaniambia, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana iliniumiza. "Nilisema atembee. Sikusema apigane. Damu yake haigandi vizuri, kila anapogonga anavilia ndani. Hukujua?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba akipiga anaamka, na asipopiga anageukia ukutani.

Zege alivuta kiti akakaa mbele yangu, goti kwa goti.

"Sikiliza. Damu nitatoa, ni dada yangu. Lakini haitoki hata tone mpaka wewe utoke. Utoke hapa na utoke maishani mwake. Akipata nguvu namchukua nampeleka nyumbani kwa mama, akatulie."

"Na dripu zilizobaki? Huko kwenu kuna dripu?"

"Huko kwetu hakuna anayempiga."

"Shemeji, kutoka huko mpaka hapa ni safari ya siku nzima. Ataivumilia vipi? Akienda hatarudi."

"Basi hatarudi."

"Atakufa."

"Kwako yuko hai?" Alisema kwa uchungu, macho yamejaa maji. Hapo ndipo nilipotambua kwamba anampenda kama ninavyompenda mimi, na kwamba hilo ndilo litakalotumaliza. "Nimemkuta analia, hana nywele, hana damu, wewe umevaa magozi unamwambia inuka. Nikuachie?"

Nikamgeukia sista. "Hakuna namna ya kumlazimisha?"

"Damu ni hiari ya mtu," akasema, akiangalia chini. "Na mimi sina mfuko mwingine."

Mnaosoma mtasema mimi ningefanya hivi, mimi ningefanya vile. Kaeni kwanza kwenye kile kiti. Nikikataa, mke wangu hana damu leo, na bila damu kesho yake siijui. Nikikubali, ana damu leo, lakini hana dripu, na Mpangaji anabaki peke yake ndani ya nyumba anabadilisha makufuli.

Ulingoni kocha ana kazi moja ambayo bondia hataki kuisikia. Bondia akizidiwa lakini hataki kuanguka, kocha ndiye anayerusha taulo. Bondia anaamka kesho yake amekasirika. Anakuchukia. Ila anaamka.

Nilikitoa kile kitambaa mfukoni. Alikishona mwenyewe siku nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, akakiwekea upindo wa rangi nyekundu, akasema, "Kama nimekuwa kipara, basi niwe kipara maridadi." Nikampa Zege.

"Mfunge kwa mbele, kwa nyuma fundo linamchoma," nikasema. "Chakula mpe kikishapoa, harufu ya mvuke inamtapisha. Usikaange kitu akiwa karibu. Kulia asichomwe sindano, hata wakikuambia ni ndogo. Akinuna, mwache. Akitukana, furahi. Ila akinyamaza, shemeji, akigeukia ukutani akanyamaza, usimwache. Nakuomba. Hapo usimwache."

Zege alikishika kile kitambaa kama amepewa yai. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana hana uhakika.

"Umekubali?" akauliza.

"Mtolee."

Nikasimama. Nilikuwa nalia, na sikuwa na bomba la kufungulia. Nikaanza kuelekea mlangoni. Mlinzi akanipisha, hakucheka tena.

"Mmemaliza?"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ndogo na kavu.

Sista akavuta pazia. Mke wangu alikuwa macho. Tangu lini, sijui. Nadhani sista alijua, maana hakutaka tukutane macho.

"Dada yangu!" Zege akainuka. "Tulia, usiongee. Natoa damu sasa hivi, halafu tunakwenda nyumbani."

"Nimekuuliza?"

"Nini?"

"Nimekuuliza, kaka, tunakwenda wapi? Mpangaji naye hakuniuliza. Aliingia tu. Sasa mmekuwa wawili."

"Mpangaji gani?" Zege akamtazama sista. "Anaweweseka."

"Na wewe." Macho yake yalinifikia pale mlangoni. "Ukuta mzima. Ndugu zangu wamekupiga kwa stuli hukuanguka. Wamekupiga kwa maneno, ukaanguka. Nani kakuruhusu?"

"Nataka uishi, mke wangu."

"Mimi pia nataka. Ndiyo maana nakupiga. Ulidhani nakupiga kwa nini, kwa kukupenda?"

Dereva, masikini, aliangua kilio na kicheko kwa pamoja.

"Kaka, nisikilize vizuri, sina pumzi ya kurudia," mke wangu akasema. "Hajawahi kuninyooshea hata kidole. Hajawahi. Hukuniamini chumbani, sawa. Hutaniamini hapa, sawa. Basi na mimi nina sharti langu. Unatoa damu bila sharti, na mume wangu anabaki. Nitamaliza dripu zangu hapa, naye akiwa hapa. La sivyo..."

Mkono ukainuka kutoka kwenye shuka.

Nilitazama mara mbili. Haukuwa wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa umelala na sindano yake. Ulikuwa mkono wa kulia, ule uliokufa, ule usiofunga kifungo, ambao nimeukanda kila jioni nikiuomba unipige hata kofi. Uliinuka ukitetemeka, ukapita juu ya kifua kilichoshonwa, uso wake ukajikunja kwa maumivu, ukafika kwenye plasta. Kidole kikaingia chini ya ukingo.

"Mama, acha!" Sista akapiga kelele. "Mshipa huo ndio uliobaki! Ukiuchomoa sina pengine pa kuiwekea hiyo damu!"

"Najua. Nimekusikia ukitafuta."

Nikapiga hatua. "Mke wangu."

"Ukinigusa, naichomoa."

Zege akapiga hatua.

"Na wewe vilevile."

Tukaganda. Pua ya Zege ilikuwa imeanza kuvuja upya, tone moja likaanguka sakafuni, na safari hii hata mimi sikulitazama.

"Kaka, sema," mke wangu akasema. "Mkono unachoka."

Zege alifungua mdomo. Alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, na ile plasta ikabanduka upande wa pili.